Wimbo usio na kiitikio

Mkuu, umeuliza When a Man Loves a Woman ya Percy Sledge ina nini, mpaka vijana waliozaliwa juzi wanaiomba ipigwe harusini. Nimepiga kinanda kwenye bendi za kumbini hapa Dar miaka kumi na saba, na hii nimeipiga kuliko wimbo wowote wa Kizungu. Nitakujibu kwa ninavyoijua kwa vidole.

Sikiliza mwanzo wake. Kinanda cha Farfisa, alichopiga Spooner Oldham, kinavuta sauti ndefu, na chini yake besi inashuka hatua kwa hatua: do, ti, la, so. Mapigo ni ya tatu tatu, polepole, hata asiyejua kucheza anajikuta anayumba. Kisha Percy anaingia. Waimbaji wengi huanza chini wakapanda. Yeye anaanzia juu kabisa, pale sauti inapokaribia kupasuka, na hashuki. Kiitikio hakuna, kwa hiyo hapati pa kupumulia, wala ukumbi haupati pa kumpokea. Ni mtu mmoja anatoa ya moyoni, ubeti baada ya ubeti.

Na hayo ya moyoni si matamu matupu. Mwanamume huyo yuko tayari kulala nje kwenye mvua akiambiwa na mpenzi wake, na rafiki akimsema vibaya huyo mpenzi, urafiki umekwisha. Akichezewa, atakuwa wa mwisho kujua. Ndiyo maana nimeombwa wimbo huu na bwana harusi, na usiku huohuo nikaombwa na mtu aliyekaa peke yake nyuma ya ukumbi.

Percy alikuwa mhudumu wa hospitali huko Alabama, na hii ndiyo rekodi yake ya kwanza, iliyofanyika mji wa Sheffield. Mwaka 1966 ikashika namba moja Marekani. Michael Bolton akairudia, nayo ikafika namba moja mwaka 1991. Bolton ana sauti kubwa, simnyimi haki yake, ila kwake nasikia mwimbaji hodari. Kwa Percy namsikia huyo mwanamume mwenyewe.

Hilo nililielewa usiku mmoja Sinza. Tulikuwa tumeuremba: mpiga dramu anajaza kila upenyo, gitaa limepewa solo, nami naongeza madoido. Watu waliinuka, na ubeti wa pili haujaisha wakaanza kurudi vitini. Tulipopumzika, mzee mmoja akaja jukwaani, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mnamkatiza."

Sikuwa na la kumjibu. Awamu ya pili tukaurudia kwa kinanda na besi, dramu ikigongwa ukingoni tu, na mwimbaji wetu tukamwachia nafasi yote. Yule mzee akamwinua mkewe. Mama hakuuweka hata mkoba wake chini, ulining'inia kiwikoni, na mkono wa mzee ukatulia mgongoni kwake. Walikuwa hawachezi hasa, wamesimama tu wakiyumba, na walikuwa bado wamesimama vilevile sauti yangu ya mwisho ilipokatika.

Tangu siku ile, wimbo huu ukifika, mpiga gitaa wetu huliegemeza gitaa ukutani na kukaa kusikiliza.