Zichapishwe, pamoja na deni la mkate

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo ni haki kuchapisha barua za nyumbani za mwandishi aliyefariki, hata zinapofichua madeni na shida za familia yake. Nasema zichapishwe, na kilichonishawishi ni barua ambayo Jenny, mke wa Karl Marx, alimwandikia rafiki yao Joseph Weydemeyer kutoka London tarehe 20 Mei 1850, akimwomba awatumie fedha zozote zilizopatikana kutokana na jarida la mumewe.

Humo anaeleza jinsi alivyomnyonyesha mwenyewe mwanawe mchanga huku matiti na mgongo vikimuuma mno, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumlipa mnyonyeshaji. Jinsi mama mwenye nyumba alivyodai pauni 5. Na jinsi madalali wa mahakama walivyokamata vitanda, mashuka, nguo, hata kitanda cha mtoto huyo na vitu vya kuchezea vya mabinti zake, nao wamesimama wakilia. Habari ilipoenea, mwuza dawa, mwoka mikate, mwuza nyama na mwuza maziwa walikuja kwa pamoja na hati zao za madai, ikabidi vitanda viuzwe ili walipwe. Mtoto yule, Guido, alifariki Novemba mwaka huohuo.

Septemba 1852 Marx naye alimwandikia Friedrich Engels, rafiki na mwandishi mwenzake, kwamba mkewe na binti yake ni wagonjwa, lakini hawezi kumwita daktari kwa kuwa hana fedha za dawa, na kwamba kwa siku kadhaa familia imekula mkate na viazi tu.

Kwetu tumelelewa kusitiri mambo ya nyumbani, nami naiheshimu sana desturi hiyo. Lakini Jenny ndiye aliyenakili miswada ya mumewe, ambaye mwandiko wake uliwashinda wachapaji, na ndiye aliyewakabili wadai mlangoni. Tukizificha barua hizi kwa jina la heshima, tunaificha kazi yake, si aibu yake. Barua za Marx na Engels zilipochapishwa mwaka 1913, wahariri walikata na kulainisha sehemu nyingi. Ombi langu kwa atakayehariri barua za waandishi wetu ni kwamba asiliondoe jina la mwoka mikate, wala kiasi alichokuwa akidai.