Kabla ya kununua kondoo, uliza alilelewa akila nini

Miaka michache iliyopita nilinunua kondoo majike sita upande wa Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, nikawapandisha kwa lori kupitia milima ya Ngomo hadi shambani kwetu Kabare, juu ya Bukavu. Nilijiona nimewafanyia hisani kubwa. Huko chini walikuwa wamezoea nyasi fupi za joto, majani yanayoota chini ya migunga, na mabua ya mpunga baada ya mavuno, ilhali kwetu mvua inanyesha karibu miezi tisa ya mwaka, matete yanampita mtu kimo, na majani ya viazi vitamu yanabaki mpaka tunayatupa. Wiki mbili baadaye mifupa ya nyonga zao ilikuwa inahesabika kwa macho.

Veterineri alipokuja aliwapa dawa ya minyoo, na minyoo walikuwa nayo kweli, lakini kukonda hakukuisha. Aliyenifumbua macho ni mama mzee jirani yetu, ambaye amefuga kondoo wawili watatu maisha yake yote. Alisimama kando ya hori, akatazama kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Mwanangu, hawa kwao walikuwa wanakula nini?” Sikuwa nimejiuliza swali hilo hata siku moja. Tukakaa kuwatazama pamoja. Mmoja wao alifika kwenye rundo la matete mabichi, akanusa, akasogeza jani moja kwa mdomo wa juu, akaliachia lianguke, kisha akaenda kando ya njia kuchokonoa vinyasi vikavu ambavyo mbuzi wetu hawavitazami. Walikuwa na njaa katikati ya chakula ambacho hawakukijua kuwa ni chakula.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya jambo hili, na mengi yamenishangaza. Elimu ya kondoo huanza kabla hajazaliwa, kwa sababu ladha ya baadhi ya vyakula anavyokula mama hupita kwenye maji ya uzazi, na baadaye hupita kwenye maziwa. Akishaanza kutafuna, mwana-kondoo hutembea bega kwa bega na mama yake, akichuma anachochuma mama na kukwepa anachokwepa mama. Watafiti wa Australia waliwaonjesha wana-kondoo ngano wakiwa bado na mama zao, kwa muda mfupi tu, na miezi 34 baadaye wanyama hao waliitambua na kuila, huku wenzao ambao hawakuwahi kuiona wakiisusa. Nchini Marekani, Frederick Provenza wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah alitumia miaka mingi akichunguza jinsi kondoo na mbuzi wanavyojifunza kula. Ninachokishika zaidi katika kazi yake ni kwamba ulimi haufanyi kazi peke yake: mnyama huonja, kisha mwili hutoa hukumu. Jani likimpa nguvu au protini aliyoihitaji, ladha yake inampendeza zaidi kesho. Likimletea kichefuchefu, ladha ileile inamchukiza. Na akiugua baada ya kula vyakula vinne anavyovijua na kimoja kigeni, lawama huenda kwa kile kigeni.

Hilo la mwisho nililithibitisha kwa hasara yangu mwenyewe. Kwa haraka ya kuwanenepesha, niliwawekea unga wa mahindi kwa wingi siku moja, wakaufakamia. Nafaka nyingi kwa ghafla huchachusha tumbo kubwa la kwanza, kwa kuwa vijidudu vinavyosaga chakula humo havijazoea wanga mwingi kiasi hicho. Usiku ule walilala wakihema, wakaharisha, na nilikuwa na bahati kwamba hakuna aliyekufa. Baada ya hapo, kwa muda wa miezi mitatu, nikipita na ndoo ya unga walikuwa wanageuza vichwa. Sikuwa nimewapa sumu, ila kwa hesabu ya miili yao nilikuwa nimewapa.

Kwa hiyo, ukinunua kondoo watu wazima kutoka mahali pengine, tafadhali usiwabadilishie chakula kwa siku moja. Mimi nilirudi kutafuta mabua makavu ya mpunga, nikachanganya na matete yaliyokatwa vipande vifupi, mengi ya kwao na machache ya kwetu, nikaongeza ya kwetu kidogo kidogo kwa muda wa wiki tatu, maana hata vijidudu vya tumboni vinahitaji siku nyingi kuzoea. Maji ya chumvi niliyoyanyunyiza juu ya matete yaliwavuta kuonja. Chakula kipya kiwekwe wanapokuwa wazima, na kamwe kisiwekwe siku ya kupewa dawa kali, la sivyo dawa itawachafua tumbo na jani litabeba lawama. Kama una uwezo wa kuchagua, nunua jike mwenye mwana anayenyonya, au nunua kutoka kilima cha jirani hata kama bei imezidi kidogo. Kondoo wa bei nafuu anayesusa chakula miezi miwili amekula faida yote.

Jambo la pili ni kamba. Kwetu ardhi ni haba, na kondoo wengi hufungwa kando ya barabara tangu asubuhi hadi jioni. Lakini kondoo ameumbwa kuchagua: mdomo wake ni mwembamba, mdomo wa juu umepasuka katikati na unacheza kama vidole viwili, na kwa kuwa hana meno ya mbele ya juu, hubana jani kati ya meno ya chini na ufizi, kisha huvuta. Nimemwona mmoja akichuma machipukizi ya kishona nguo katikati ya nyasi ngumu bila kugusa unyasi hata mmoja. Nchini Uingereza, kondoo walioachwa huru kati ya nyasi na klova, mmea mdogo wa malisho wa jamii ya mikunde, walichagua klova kama asilimia 70 na nyasi asilimia 30, wakila klova zaidi asubuhi na nyasi zaidi jioni. Hawakula klova tupu, ingawa waliipenda. Kamba fupi inamnyima mnyama uamuzi huo. Ihamishe angalau mara mbili kwa siku, na sehemu moja iwe na majani ya jamii ya mikunde.

Hapo ndipo hatari ya lantana inapoingia, ile yenye maua ya rangi mchanganyiko inayopandwa kuwa ua wa nyumba. Huharibu ini, kisha jua linamchoma mnyama ngozi ya uso na masikio. Kondoo mwenye chaguo huipita, lakini mgeni mwenye njaa aliyefungwa karibu na ua anaweza kuila. Usiamini kwamba silika itamwokoa.

Katika wale sita nimebaki na wawili. Mkubwa wao anakula matete sasa, ila kila asubuhi lango likifunguliwa anakwenda kwanza kando ya njia, kwenye vinyasi vyake vikavu. Mjukuu wake, aliyezaliwa hapahapa Kabare, huwa tayari ameshapanda juu ya rundo la majani ya viazi vitamu kwa miguu yote minne.