Rangi za miombo kabla ya mvua

Ndugu uliyeuliza kama huku Kigoma milima hubadilika rangi kama ya Ulaya kabla ya theluji ya kwanza, jibu ni ndiyo, ila kwetu mambo ni kinyume: kule majani huwa mekundu yanapokaribia kupukutika, ilhali majani ya miombo, miti ya misitu yetu ya huku, huwa mekundu yanapochipua, mnamo Septemba na Oktoba, mvua zikiwa bado hazijashika. Tembea asubuhi kwenye miteremko ya milima ya Mahale, ukiwa na mwongozaji, ulitazame jani changa likiwa mbele ya jua: ni laini, lina rangi ya shaba, na mishipa yake yote inaonekana. Tatizo ni moshi wa mioto ya kiangazi, ambao huweza kulificha Ziwa Tanganyika.