Mradi ukifungasha virago, kwetu kinabaki nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni muuguzi mkoani Geita. Tangu 2019 nimekuwa mdadisi kwenye miradi mitatu ya kimataifa ya magonjwa ya zinaa na kinga ya VVU kwa wasichana. Kila mara ni yale yale: semina ya siku tano, kishikwambi, miezi ya kuzunguka vijijini, barua ya shukrani, kwaheri. Majibu tunayoyatuma jioni yanakwenda Ulaya na siyaoni tena. Sasa unakuja mradi wa nne, na kwenye andiko wameweka "kujenga uwezo wa watafiti wazawa". Bosi ameniambia niandike ukurasa mmoja wa mambo tunayoyataka. Nikiomba mafunzo ya takwimu, yanatosha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hayatoshi, na wala usianze nayo. Semina ya takwimu mtapewa hata msipoomba, maana ndiyo rahisi kuripoti: idadi ya waliohudhuria, vyeti, picha ya pamoja mbele ya hoteli. Miezi mitatu baadaye huna data ya kuifanyia mazoezi, na ulichojifunza kimeyeyuka. Ujuzi wa utafiti hukaa kwa yule anayeamua: swali liulizweje, jibu lipi ni kosa, jedwali lipi litengenezwe kwanza. Kwa hiyo omba nafasi ya kuamua, na anza na jambo ambalo ninyi ndio mafundi na wageni ndio wanafunzi. Namaanisha dodoso.

Mradi wangu wa kwanza, ambao sitautaja, ulituletea dodoso lililokwisha kutafsiriwa na kupigwa chapa. Swali mojawapo liliuliza kama mhojiwa amewahi kufanya "tendo la ndoa". Nilikuwa nimekaa mkekani na binti wa miaka 19, mtoto wake amelala mgongoni. Akajibu hapana. Nikamtazama mtoto, nikamtazama yeye. Akaona nimeduwaa, akanielewesha taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Dada, mimi sijaolewa." Dodoso likaniamuru, akijibu hapana, niruke hadi ukurasa wa pili. Kondomu, vipimo, mimba, yote tukayaruka.

Kijiji kilichofuata ikawa zamu ya neno "mpenzi". Miezi 12 iliyopita ulikuwa na wapenzi wangapi? Mmoja. Na yule wa bodaboda uliyenisimulia asubuhi? "Aa, yule si mpenzi, yule ni wa lifti." Nilipompelekea msimamizi habari hizi, alisema dodoso limeshapita kamati ya maadili, haliguswi. Si kweli. Linaguswa: unaandika ombi la marekebisho, unaeleza sababu, unasubiri idhini, ndipo unatumia toleo jipya. Sikulijua hilo wakati ule, na hakuna aliyenifundisha.

Watakuambia tafsiri ilihakikiwa kwa kurudishwa kwenye Kiingereza na mtu wa pili. Ni hatua nzuri, lakini kosa kama hili haliwezi kulinasa. "Tendo la ndoa" likirudishwa Kiingereza linarudi sawasawa, bila kasoro. Linanaswa mkekani tu. Basi ombi lako la kwanza liwe hili: kabla ya dodoso kufungwa, timu ya Geita ipewe majuma mawili ya kulijaribu kwa watu kumi hadi kumi na watano walio kama wahojiwa wenyewe. Usiwaulize kama wameelewa, kila mtu husema ameelewa. Waulize: nilipotaja mpenzi, ulimfikiria nani? Lirudie swali hilo kwa maneno yako. Kila neno linalobadilishwa liingie kwenye daftari la mabadiliko, lenye tarehe, sababu na jina la aliyependekeza. Daftari hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Ukiliandika vizuri ni nusu ya makala ya kisayansi.

Wala usidhani nakupa kazi ya ukarani. Katika utafiti wa afya ya uzazi, ukweli wa majibu ndipo wakubwa wanapojikwaa. Mradi wa MEMA kwa Vijana, wa elimu ya afya ya uzazi kwa vijana, ulifanyika hapo hapo kwenu, enzi Geita ikiwa bado wilaya ya Mwanza: jamii 20, vijana zaidi ya 9,000. Wapo wasichana waliosema hawajawahi kujamiiana, huku vipimo vya maabara vikisema vingine. Watafiti walipolinganisha njia tano za kukusanya habari, iliyowasaidia zaidi kuelewa mwenendo wa vijana ilikuwa ya kuishi nao kijijini na kuona. Juzi juzi tu, Kisumu, wanawake 449 waliokuwa wakitumia PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU, waliingia kwenye jaribio la doksisaiklini, kidonge cha kumeza baada ya kujamiiana ili kuzuia kisonono, klamidia na kaswende. Matokeo ya 2023 hayakuonyesha kinga ya maana. Dawa imeshindwa? Walipopima nywele za baadhi yao, doksisaiklini ilionekana katika sampuli 58 kati ya 200. Ilhali kwenye ujumbe wa simu wa kila wiki, wengi walikuwa wameripoti kwamba wanameza. Kwa nini mtu akubali vidonge, asivimeze, kisha aseme amemeza? Swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri na mtu aliyeko ofisini ng'ambo. Wewe unaweza, ukifundishwa kuliuliza kitaalamu.

Sasa data. Kila wiki mradi hutoa orodha ya makosa: binti wa miaka 17 ana mtoto wa miaka tisa, namba moja ya sampuli imejitokeza mara mbili, tarehe ya damu imetangulia tarehe ya ridhaa. Kwa kawaida orodha hutengenezwa kwao, nanyi mnatumwa kurekebisha. Ombeni itengenezwe Geita. Mtu wenu mmoja aketi na mtunza data wao mwezi wa kwanza, aandike maagizo ya ukaguzi kwenye programu ya R, ambayo ni bure, kisha aachiwe. Hapo ndipo takwimu zinapoingia kichwani, kwa kuwa kila kosa unalijua uso wake. Na semina ikija, dai mwalimu atumie muundo wa mradi wenu wenyewe. Kama vijiji ndivyo vilivyogawanywa kwa kura, na si mtu mmoja mmoja, hesabu inabadilika: watu wa kijiji kimoja wanafanana, hivyo wahojiwa elfu hawabebi taarifa ya watu elfu wasiojuana. Mafunzo mengi ya siku tano hayafiki hapo.

Makubaliano ya kuhamisha data yasomeni kabla ya bosi kusaini. Utafiti wa afya wenye data au sampuli zinazotoka nchini unahitaji hati hizo pamoja na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Watu huzichukulia kama usumbufu wa mihuri. Mimi naona ndilo rungu pekee mlilonalo. Humo humo wekeni kwamba nakala kamili, pamoja na maelezo ya kila safu, inabaki kwenye seva ya taasisi yenu tangu siku ya kwanza. Mapema 2025 miradi mingi ya fedha za Marekani ilisimamishwa ghafla. Ambaye nakala yake ilikuwa kwa mwenzake, alibaki na madaftari.

Uandishi wa makala nao ukubaliwe sasa, kwa maandishi. Vigezo vya kimataifa vinamtaka mwandishi awe amechangia wazo au data au uchambuzi, ameandika au kuhariri, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Kukusanya data peke yake hakukupi haki hiyo, wengi hili linawauma. Ndiyo maana daftari la dodoso na ukaguzi wa data ni muhimu: vinakuingiza kwenye chumba ambamo makala huandikwa.

Kisha ombi kubwa kuliko yote: swali dogo lenu wenyewe ndani ya mradi wao. Wahojiwa wapo, vibali vipo, usafiri upo. Mnaongeza maswali manane na mahojiano ya kina ishirini, na mtu mmoja anafanyia shahada ya uzamili kwenye vyuo vikuu vya tiba, CUHAS Bugando au MUHAS, ada ikiwa ndani ya bajeti. Na msimsahau mhasibu. Kwa miaka mingi NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilizilipa taasisi za nje asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji, huku vyuo vyao vingi vikipata zaidi ya 50. Ofisi isiyojua kudai na kutunza fedha za utafiti itabaki kuwa mkandarasi mdogo hata ikiwa na madaktari bingwa watano.

Kama bosi atasema hizi ni ndoto, mkumbushe Mwanza. Jaribio la kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili katika zahanati, jamii 12, matokeo 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. NIMR Mwanza, shirika la afya la AMREF na chuo cha afya na tiba ya kitropiki cha London ndio waliokuwa ndani. Kazi haikuishia hapo. Ukaja MEMA kwa Vijana, yakaja majaribio mengine, mwaka 2006 kikaanzishwa kitengo cha majaribio cha MITU, na kikaja kufanya utafiti wa chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kuona kama dozi moja inakaribia mbili na tatu. Matokeo yake yakawa sehemu ya ushahidi wa dozi moja, na Tanzania ikahamia huko 2024. Hiyo ni miaka thelathini ya mradi mmoja kuurithi mwingine, maabara ikabaki, watu wakabaki.

Kwenye ukurasa wako, mbele ya kila ombi weka jina la mtu na idadi ya miezi. "Kuwajengea uwezo watumishi" ni maneno yanayogeuzwa semina kabla wino haujakauka.

Nimesahau moja. Kama mtafika vijiji vya ndani, wahojiwa wengi watakujibu kwa Kisukuma. Usikubali kila mdadisi atafsiri kichwani mwake papo hapo, maana mtakuwa na madodoso mengi kama wadadisi wenyewe. Dai toleo la Kisukuma lililoandikwa, na lijaribiwe nalo mkekani.