Silikoni juu ya nati haizuii sinki kuvuja

SWALI: Fundi, sinki letu jipya la bafuni lilifungwa wiki iliyopita na tayari maji yanadondoka chini, kwenye ile nati kubwa ya westi (kipande cha bomba kinachopita kwenye tundu la kutolea maji). Aliyelifunga alirudi akakaza nati, halafu akarudi tena akaizungushia silikoni. Bado linavuja. Tununue westi nyingine?

JIBU: Usinunue bado. Hiyo silikoni ibandue yote, kwa sababu haizibi chochote. Kazi ya nati ni kubana tu. Maji yanazuiwa na puti (kinamo laini cha kuzibia cha mafundi bomba) au silikoni iliyo chini ya ukingo wa westi ndani ya beseni, pamoja na mpira mnene unaobanwa chini ya beseni. Maji unayoyaona kwenye nati yametoka juu, yakapenya kati ya mpira na thredi (mikato ya skrubu iliyo nje ya westi), yakashuka kwa kufuata mizunguko ya thredi hadi yakatokea hapo. Ukipaka silikoni kwa nje, maji yanabaki nyuma yake yakitafuta upenyo, na kwa kuwa silikoni haishiki palipolowa, baada ya siku chache inaachia.

Hakikisha kwanza si trapu, lile bomba lililopinda chini ya westi, inayovuja. Kausha kila kitu, jaza beseni, fungua maji yashuke yote kwa mkupuo, kisha pitisha tishu kavu kwenye nati na kwenye kila ungio, ukianzia juu kwenda chini. Pa juu kabisa palipolowa ndipo penye kasoro. Na ukiziba westi ukaona maji kwenye beseni yanapungua yenyewe, basi kizibo hakikai vizuri au ukingo wa juu nao una kasoro.

Sasa fungua trapu, legeza nati, sukuma westi itoke kwa juu. Kwangua mabaki yote na ukaushe kabisa. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Chini ya ukingo zungusha puti yenye unene wa penseli. Sinki la marumaru au plastiki litumie silikoni, maana mafuta ya puti hutia doa kwenye jiwe na huweza kudhuru baadhi ya plastiki. Kwa chini, mpira ndio unaogusa beseni, upande wake mwembamba ukitazama juu. Washa (pete bapa) ya plastiki inafuata, kisha nati. Mara nyingi nakuta washa imetangulia mpira, na hapo hata ukikaza vipi patavuja. Kabla ya kukaza, paka silikoni kidogo kwenye thredi pale mpira utakapokaa na kwenye uso wa juu wa mpira. Hapo ndipo silikoni ina faida.

Kaza kwa mkono hadi igome, kisha ongeza robo hadi nusu mzunguko kwa spana, huku mtu ameshikilia westi kwa juu isizunguke. Ukiona mpira unafura na kuchomoza pembeni, umezidisha. Kauri hupasuka kwa kukazwa hivyo, na hilo halina dawa. Acha saa 24 bila kufungulia maji.

Kuna pia mtindo wa kuzungusha tepu ya thredi kwenye nati za trapu. Pale kinachozuia maji ni washa iliyo ndani. Ikikaa upande au ikiwa imepasuka, ibadilishwe, tepu haisaidii. Mtu anayefika kwako na kopo la silikoni kabla hajagusa mahali pa kuvuja kwa tishu hajui maji yanatoka wapi, na wakati anabahatisha, mbao za kabati chini ya sinki zinavimba na kuota ukungu.

Kabla ya kumlipa yeyote, tandaza gazeti kavu chini ya sinki, jaza maji hadi yaingie kwenye tundu la maji ya ziada, fungua, kisha subirini pamoja dakika 15. Asiyekubali kusubiri, usimlipe.