Mtufaha mmoja, mashina mawili: majibu kwa wanaotaka kupanda matufaha nyumbani

Barua zilizotufikia kuhusu mtufaha ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, kwa hiyo tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wasomaji wengine. Nilipozisoma zote kwa pamoja niliona kwamba shida nyingi zilianza siku mche ulipochaguliwa, kabla jembe halijagusa udongo, na ndiyo sababu majibu ya mwanzo ni marefu kuliko ya mwisho.

SWALI: Ndugu mtaalamu, nilikula tufaha tamu mno, nikazitunza mbegu zake na kuziotesha. Sasa nina miche mitatu iliyofika magotini. Je, nikiihamishia bustanini itanizalia matunda kama lile, na nisubiri miaka mingapi?

JIBU: Ndugu msomaji, mbegu ya tufaha haioti vizuri mpaka ipitie wiki kadhaa za baridi na unyevu, kwa hiyo kufikisha miche mitatu magotini ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo ni lazima nikueleze ukweli: miche hiyo haitazaa tunda ulilolila. Kwa kawaida ua la mtufaha hukataa chavua ya mti wake na kupokea ya mtufaha wa aina nyingine, hivyo kila mbegu iliyomo ndani ya tunda ni mtoto wa wazazi wawili wasiofanana, na mbegu tano za tunda moja huweza kutoa miti mitano yenye tabia tano. Mingi huzaa matunda madogo, makali au yasiyo na ladha, tena baada ya miaka 6 hadi 10. Ni kweli kwamba aina kadhaa mashuhuri zilianzia kwenye mbegu iliyoota kwa bahati: Granny Smith ilichipuka Australia katika miaka ya 1860 kwenye shamba la Maria Ann Smith, na Bramley ilitokana na mbegu iliyopandwa na Mary Ann Brailsford huko Southwell, Uingereza, mwaka 1809. Lakini kwa kila mti wa namna hiyo ipo miche isiyohesabika ambayo hakuna aliyeona sababu ya kuipa jina.

Tunda linalopendwa hudumishwa kwa kubebesha. Hukatwa kikonyo, yaani kijiti chenye macho hai (sehemu ambapo machipukizi hutokea), kutoka kwenye mti wa aina inayotakiwa, kikaunganishwa na shina la mtufaha mwingine lenye mizizi yake, na baada ya muda viwili hivyo hushikana vikawa mti mmoja. Kikonyo ndicho huamua tunda litakuwa la aina gani. Shina la chini ndilo huamua, kwa sehemu kubwa, mti utafika kimo gani, utaanza kuzaa lini na utavumilia udongo gani, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tunauliza habari za tunda na kusahau za mizizi.

Mashina ya chini yana majina yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kituo cha utafiti cha East Malling, Uingereza, kiliyakusanya na kuyapanga kwa herufi M na namba, na baadaye kikashirikiana na watafiti wa Merton kuzalisha mengine yenye herufi MM, ambayo mengi huhimili vidukari wenye sufi wanaoshambulia mizizi na magome. M27 hutoa mti wa mita 2 au chini ya hapo. M9 hufika mita 2 hadi 3 na huweza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, ila mizizi yake ni dhaifu kiasi kwamba mti huhitaji nguzo maisha yake yote. MM106 hufika kama mita 4, huvumilia udongo wa wastani, na kwa bustani ya nyumbani yenye nafasi kidogo ndilo ninalolipendekeza mara nyingi, ilimradi maji yasituame hapo. M25 hutoa mti mkubwa wa kupanda kwa ngazi, ambao haufai karibu na nyumba.

Basi ukienda kitaluni uliza majina mawili, la kikonyo na la shina. Muuzaji akikutajia aina ya tunda tu, umejua nusu ya mti. Miche yako mitatu usiitupe: ikifika unene wa kalamu inaweza kubebeshwa vikonyo vya aina unayoipenda, mradi uwe na nafasi ya mti mkubwa, kwa sababu shina lililotokana na mbegu kwa kawaida halizuii kimo.

SWALI: Ninapoishi hakuna majira ya baridi kali. Jirani yangu mmoja ananiambia mtufaha hauwezi kuzaa kwenye joto, mwingine anasema amewahi kuuona ukizaa. Nimwamini nani?

JIBU: Wote wawili wamesema jambo la kweli, kila mmoja kwa aina aliyoifahamu. Mtufaha ni mti wa nchi za baridi. Babu yake wa porini bado anaota kwenye milima ya Tian Shan, hasa upande wa Kazakhstan. Kule mti hupukutisha majani, hulala, na macho yake hayakubali kuamka mpaka yamepitia kiasi fulani cha baridi. Hiyo ni kinga yake: jicho ambalo lingefunguka kwa siku chache za joto katikati ya majira ya baridi lingeuawa na theluji ya wiki inayofuata. Wakulima huipima baridi hiyo kwa kuhesabu saa ambazo joto la hewa huwa kati ya nyuzi 0 na 7 za Selsiasi. Aina nyingi zinazojulikana sana huhitaji saa 800 hadi 1,000 au zaidi. Zisipozipata, mti haufi, lakini huchelewa kuchanua, hutoa maua machache kwa vipindi visivyolingana, na matawi hubaki na sehemu ndefu zilizo tupu. Mwenye mti hudhani ni njaa ya mbolea, akaongeza mbolea, na hali haibadiliki.

Zipo aina zilizochaguliwa kwa ajili ya maeneo yenye baridi kidogo. Anna, iliyozalishwa Israeli, huhitaji takriban saa 200 hadi 300. Dorsett Golden, iliyopatikana Bahama, huhitaji pungufu ya hapo. Aina hizi mbili huchanua kwa wakati mmoja na kuchavushana vizuri, kwa hiyo hupandwa pamoja. Kama unaishi nyanda za juu ambako usiku ni wa baridi, una matumaini makubwa. Kama unaishi tambarare yenye joto mchana na usiku mwaka mzima, nakusihi uitumie nafasi hiyo kwa tunda linalolipenda joto, kwa sababu sipendi kuona mtu akiuhudumia mti miaka minane pasipo kuonja kitu.

Ipo pia mbinu inayotumika kwenye nyanda za juu za tropiki, kwa mfano Batu katika kisiwa cha Java, Indonesia. Wiki chache baada ya mavuno wakulima huyachuma majani yote kwa mkono na kuyalaza matawi. Mti uliopokonywa majani kabla haujaingia usingizi mzito huchipua na kuchanua upya, na kwa njia hiyo huzaa mara mbili kwa mwaka. Ni kazi ya mikono mingi, lakini kwa mti mmoja au miwili ya nyumbani inamalizika kwa asubuhi moja. Mti uwe na afya na maji ya kutosha kabla ya kuufanyia hivyo.

SWALI: Mtufaha wangu una miaka sita. Kila mwaka hujaa maua, kisha yote hudondoka na halibaki tunda hata moja. Nifanye nini?

JIBU: Mti unaochanua vizuri umeshapata baridi, jua na umri. Kinachokosekana, kwa uwezekano mkubwa, ni mwenzake. Kama nilivyoeleza kwenye swali la kwanza, mtufaha huhitaji chavua ya aina nyingine. Miti miwili ya aina moja haisaidiani, kwa kuwa kwa asili yake ni mti ule ule uliogawanywa. Panda aina nyingine inayochanua wakati huo huo, ikiwezekana ndani ya mita 20 hivi. Hata mtufaha mwitu wenye matunda madogo hufaa, na wengi wao huchanua kwa muda mrefu. Wakati unasubiri mti mpya ukue, omba kwa mwenye mtufaha mwingine matawi machache yenye maua, uyatie kwenye ndoo ya maji chini ya mti wako, na nyuki watafanya kazi iliyobaki.

Chunguza pia jina la aina unayoipanda. Bramley, Jonagold na Mutsu zina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 51 badala ya 34 za kawaida, na chavua yake haifai kuichavusha miti mingine. Anayepanda mojawapo atafute aina mbili nyingine ili zote zizae. Na tafadhali, usinyunyizie dawa ya wadudu maua yakiwa wazi, hata ukiwaona vidukari, kwa maana utawaua wale wale unaowategemea.

Ikiwa mtufaha mwingine upo karibu na bado hupati kitu, kumbuka hali ya hewa ilivyokuwa wakati wa maua. Nyuki hukaa ndani kwenye baridi na mvua, na barafu ya usiku mmoja huua ua. Ukilipasua ua lililouawa utaona katikati pameingia weusi.

SWALI: Je, nijaze shimo la kupandia kwa samadi? Na shimo liwe na kina gani?

JIBU: Hapana, usijaze samadi. Samadi mbichi huunguza mizizi, na shimo lililojaa mboji tupu hutitia na kuuzamisha mche. Chimba shimo pana, mara mbili au tatu ya upana wa mizizi, lakini kina kisizidi kimo cha mizizi yenyewe, kisha rudisha udongo ule ule ulioutoa. Mboji itandaze juu, pamoja na matandazo ya nyasi au majani makavu, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili gome lisioze.

Jambo la kuangalia kwa makini ni kile kifundo ambapo kikonyo kiliunganishwa na shina. Kibaki juu ya udongo kwa sentimita 10 hivi. Miaka mingi iliyopita nilikifukia kwenye mche wa M9 nikidhani ninauimarisha. Kikonyo kikaota mizizi yake chenyewe, kazi yote ya lile shina fupi ikapotea, na mti uliopaswa kuwa wa mita 3 ukapanda hadi paani bila kuzaa kwa miaka mingi. Tangu hapo sitoki shimoni kabla sijakipima kifundo kwa mkono.

SWALI: Nilipogolea mtufaha wangu kwa ukali ili uzae. Badala yake umejaa fimbo ndefu zilizonyooka kwenda juu. Nilikosea wapi?

JIBU: Mizizi yako ilibaki na nguvu ile ile huku matawi yakiwa yamepunguzwa, kwa hiyo mti ulijibu kwa kuota haraka ili kurudisha ulichokata. Tawi lililosimama hukua. Tawi lililolala huzaa. Zile fimbo zisizo na nafasi zing'oe zikiwa bado changa na laini, wakati wa majira ya ukuaji, kwa sababu ukikata wakati huo mti hauchochewi kama unapokatwa ukiwa umelala. Zenye nafasi nzuri usizikate, bali zifunge kwa kamba na kuziinamisha taratibu mpaka zikaribie kulala, na baada ya mwaka mmoja au miwili utaona vijitawi vifupi vyenye macho manene. Hayo ndiyo macho ya maua. Macho membamba yaliyobana kwenye tawi ni ya majani.

Kila mwaka ondoa vilivyokufa, vinavyougua na vinavyosuguana, na usizidi robo ya matawi kwa mara moja.

SWALI: Mwaka huu mti umezaa hadi matawi yakavunjika, mwaka jana haukuzaa kabisa. Tena matunda mengi yana funza ndani.

JIBU: Haya ni mambo mawili, na la kwanza lina dawa rahisi ambayo wengi huiogopa. Macho ya maua ya mwaka ujao hutengenezwa wakati matunda ya mwaka huu yanakua, na mbegu zilizomo ndani ya matunda hayo hutoa homoni inayozuia macho hayo yasifanyike. Mti uliolemewa hujinyima. Matunda yakifika ukubwa wa gololi, ndani ya wiki sita baada ya maua, bakiza moja katika kila kishada na umbali wa sentimita 10 hadi 15 kati ya tunda na tunda. Ardhi itajaa matunda machanga na utajiona mharibifu, lakini yatakayobaki yatakuwa makubwa na matamu zaidi, na mwakani maua yatarudi.

Funza ni mtoto wa nondo. Jike hutaga mayai juu ya majani na matunda machanga, kiwavi akitoka hutoboa hadi kwenye mbegu, na akishiba hushuka kujificha kwenye nyufa za gome. Funga ukanda wa katoni yenye mikunjo kuzunguka shina kabla hawajashuka, kisha uutoe na kuuchoma. Okota kila tunda linaloanguka, siku hiyo hiyo. Kwa miti michache, njia ninayoiamini kuliko zote ni kulivalisha kila tunda mfuko wa karatasi mara baada ya kupunguza, kabla nondo hajalifikia. Ukipenda matufaha yaive kwa wekundu, ivue mifuko wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna.