Televisheni ilizimika mwezi wa 14: nilivyodai haki yangu baada ya waranti kuisha

Taarifa ya habari ya saa moja ndiyo kwanza imeanza, mara kioo kikawa cheusi na mtangazaji bado anaongea. Mume wangu akazima, akawasha. Nembo ya kampuni ikamulika sekunde mbili hivi, giza likarudi. Sauti ilikuwa safi kabisa. Mama mkwe akasema labda ni umeme, lakini friji ilikuwa inanguruma na feni inazunguka juu ya vichwa vyetu.

Televisheni ile ya inchi 43 tuliinunua hapa hapa Mombasa kwa shilingi 38,000, pesa za chama, yaani upatu wetu, nilizozingojea mzunguko mzima. Waranti ilikuwa miezi 12. Nilipoitoa kadi kwenye droo na kuhesabu kwa vidole, tulikuwa tumeingia mwezi wa 14.

Kesho yake nikaenda dukani. Kijana wa kaunta akaitazama kadi, akanirudishia. "Dada, waranti ishapita. Hapa hatuna la kukusaidia tena, tafuta fundi." Alisema kwa upole, nami nikamshukuru nikatoka. Nilikuwa nimeshafika stejini kungoja matatu ndipo swali likanijia: kitu cha shilingi 38,000, kilichotundikwa ukutani bila kuguswa na mtoto wala maji, kweli kimeundwa kidumu miezi 14?

Baadaye nilikuja kujua kwamba sheria nayo huuliza karibu swali hilo hilo, na ndiyo sababu naandika makala hii. Watu wengi wanaondoka kaunta kama nilivyoondoka mimi, wakiamini kadi ikipitwa na tarehe basi hawana haki yoyote. Si kweli.

Kadi ya waranti ni ahadi ya mtengenezaji au duka: ndani ya miezi hii kikiharibika tutakitengeneza bila maswali mengi. Ahadi hiyo huisha tarehe yake ikifika. Chini yake ipo dhamana nyingine ambayo haina kadi, nayo imewekwa na sheria. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyotungwa enzi za ukoloni kwa kufuata sheria ya Uingereza ya 1893. Kifungu chake cha 16 kinamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Kisha ikaja Katiba ya 2010, na kifungu cha 46 kikampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, pamoja na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 ikaikazia dhamana hiyo, ikasema pia kwamba haki zilizomo hazifutwi na makubaliano yoyote. Kwa hiyo hata lile tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lililobandikwa juu ya kaunta haliwezi kukunyang'anya haki uliyopewa na sheria. Na muda wa kudai kwa msingi wa mkataba ni miaka sita.

Tuelewane vizuri hapo, maana watu huchanganya. Miaka sita si waranti ya miaka sita. Ni muda wa kupeleka madai tu. Kitu kikiharibika ndani ya waranti, kwa kawaida huna kazi ya kuthibitisha mengi. Waranti ikishaisha, mzigo unahamia kwako: uonyeshe kwamba kasoro haikuletwa na matumizi yako, bali mzizi wake ulikuwemo tangu siku ya kuuziwa, ingawa umejitokeza baadaye. Bila ushahidi huo utaongea mpaka koo likauke.

Ushahidi wangu niliupata kwa mzee mmoja fundi wa Majengo. Kabla hajaifungua nilimwomba tuipige picha kwanza, mbele na nyuma, na skrubu zote zikiwa hazijaguswa. Nakusihi ufanye hivyo hivyo. Mkono wa fundi wa mtaani ukishaingia ndani bila picha, duka litasema yeye ndiye aliyeharibu.

Mzee akaiwasha, akazima taa ya chumba, akawasha tochi na kuilaza karibu kabisa na kioo. "Njoo utazame hapa, binti yangu." Nikainama. Ndani ya ule weusi, pale mwanga wa tochi ulipopiga, niliona picha: mwanamke amesimama jikoni, hafifu kama kivuli, anasogea. Picha ilikuwepo siku zote. Kilichokufa ni taa za nyuma ya kioo, zile mafundi wanazoziita baklaiti. Ni vipande virefu vya balbu ndogo za LED zilizounganishwa kwa mfuatano, moja ikikatika, televisheni inazima taa zote ili kujilinda. Alipofungua alinionyesha balbu mbili zilizoungua katikati, nyeusi kama punje za pilipili manga. Bodi ya umeme aliipima, ikawa nzima, kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, hazikuvimba hata moja. "Umeme ungepiga, ungepita hapa kwanza," akaniambia, akiigusa bodi kwa ncha ya bisibisi. Akaongeza kwamba modeli hiyo hiyo, kwa ugonjwa huo huo, ameshaletewa tatu.

Nikamwomba ayaandike. Alisita kidogo, akasema yeye si mtu wa makaratasi. Tukaandika pamoja: modeli, namba ya utambulisho wa kifaa (serial number), alichokiona, alichokipima, gharama ya kutengeneza (shilingi 6,500), jina lake na sahihi. Ukurasa mmoja tu. Karatasi ile ndiyo iliyobadilisha mambo.

Sikurudi kaunta. Niliandika barua ya madai kwa meneja, nikaituma kwa baruapepe na kwa WhatsApp, na nakala nikaipeleka kwa mkono nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Nilinunua kwenu televisheni hii kwa shilingi 38,000. Imeharibika mwezi wa 14 katika matumizi ya kawaida ya nyumbani. Ripoti ya fundi niliyoambatisha inaonyesha kasoro ni ya taa za ndani, wala si ya umeme, maji au kuangushwa. Sidai kwa waranti, najua imeisha. Nadai kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Naomba mtengeneze bila malipo au mnilipe gharama ya matengenezo ndani ya siku 14. Zikipita, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya watumiaji, na madai katika Mahakama ya Madai Madogo."

Sentensi ya "sidai kwa waranti" usiiache. Usipoiandika, utajibiwa kuhusu waranti.

Siku ya nne meneja alinipigia. Kwanza akasema nimwandikie mtengenezaji, kwa kuwa duka ni wauzaji tu. Nikamjibu kwa heshima kwamba pesa yangu niliipa duka, na mkataba wangu ni na duka. Jibu hilo linafaa hata kwa mzigo ulioingia kupitia Dubai, ambao wakala wa mtengenezaji hapa nchini huukataa: aliyekuuzia ndiye wa kwanza kuwajibika. Kisha akanipa punguzo la asilimia kumi nikinunua televisheni mpya. Nilikataa, maana hapo ningelipia kasoro ile ile mara ya pili. Mwisho akasema, "Basi mama, tuyamalize. Vipuri juu yetu, ufundi juu yako." Ufundi ulikuwa shilingi 1,500. Nilikubali, na sijutii. Niliomba jambo moja zaidi, dhamana ya maandishi ya miezi sita kwa matengenezo yenyewe, nikapewa. Televisheni ilirudi nyumbani baada ya siku tisa.

Kama angekataa, ningeenda mahakamani kweli. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 na baadaye kusambazwa kwingine, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Maduka yanalijua hilo, ndiyo maana kuitaja kwenye barua kuna uzito. Ila usiitaje kama huna nia ya kwenda.

Kuna madai nisingeyapeleka. Betri ya simu iliyochoka baada ya miaka miwili imechoka kwa kazi yake. Kioo kilichopasuka ni chako. Kifaa cha mtumba ulichouziwa kwa bei ya mtumba hakitapimwa kwa kipimo cha kipya. Friji ya miaka mitano iliyokufa kompresa, nayo utapata shida kuitetea. Madai yana nguvu kitu kikiwa cha bei ya maana na kimekufa mapema kuliko mtu yeyote mwenye busara angetarajia.

Risiti nayo nusura initie matatani. Risiti nyingi siku hizi ni karatasi ya joto, ile inayochapwa kwa joto bila wino, na kwa hali ya hewa ya Pwani yangu ilikuwa imefifia hadi namba zikawa kivuli. Kilichoniokoa ni ujumbe wa M-Pesa wenye jina la duka, tarehe na kiasi kile kile. Piga picha risiti siku ile ile, kabla hujafungua boksi.

Kwa ndugu zangu wa Tanzania Bara, njia inafanana sana: mnayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyotoka kwenye mzizi ule ule wa Uingereza, na Sheria ya Ushindani ya 2003 iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji. Ripoti ya fundi na barua yenye tarehe zitakusaidia huko kama zilivyonisaidia huku.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini amepata mkasa wake sasa. Mashine ya kufulia, mwezi wa 17, ngoma imeanza kugonga na maji hayatoki. Fundi ameshaandika ripoti yake. Juzi usiku tulikaa mezani kwangu tukaandika barua, na jana asubuhi ameipeleka, nakala imegongwa muhuri. Tunahesabu siku 14.